Matembezi na Wajukuu: Kutoka Mwera hadi Birkat al-Mauz



Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya khitma ya jamaa yetu mmoja hapa Maskat, tulikaa barazani kama ilivyo ada, kahawa ikizunguka, na mazungumzo yakageukia nasaba. Kijana mmoja, mwana wa binamu yangu, aliwataja mababu zake saba kwenda juu bila ya kukwama. Wazee tukamsifu. Kisha akauliza suali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Wazee hawa wote niliowataja, walikuwa wakitembea na wajukuu zao? Walikwenda nao wapi?" Watu wakacheka. Mmoja akajibu kwamba zamani mtoto akipelekwa chuoni na msikitini, basi. Mimi sikucheka, kwa kuwa siku zile nilikuwa na jambo zito moyoni kuhusu matembezi na wajukuu, jambo ambalo nusura linitenge na binti yangu. Usiku ule nikaanza kuandika haya. Nimechelewa kuyamaliza kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa bado hayajamalizika.

Suali la yule kijana ni gumu kwa mwenye kupenda historia ya jamaa. Nyaraka tulizo nazo majumbani mwetu ni hati za kuuza, za mirathi na za ndoa. Hakuna kadhi aliyewahi kuandika kuwa fulani bin fulani alimpeleka mjukuu wake pwani kuokota kombe. Mambo ya namna hiyo hukaa katika miguu ya mtu, na miguu ikizikwa, yamekwenda.

Ushahidi ulioandikwa, na unaojulikana na wengi, ni ule wa Sayyida Salme bint Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba watoto wa Mtoni, wake kwa waume, walifundishwa kupanda wanyama tangu wadogo, na kwamba wasichana wakipewa punda weupe wa Maskat, wale warefu. Anasimulia pia siku alipoukwea mnazi mrefu bila ya pingu miguuni, na taharuki iliyotokea chini alipoonekana kule juu. Baadaye kaka yake Majid akamfundisha kutumia silaha. Ni kurasa za kupendeza, lakini sizisomi bila ya kujiuliza ni nani aliyekuwa ameshika hatamu ya punda yule. Utoto ule wa bustani na farasi ulisimama juu ya kazi ya watumwa, na anayeusoma kwa fahari peke yake hausomi wote. Tena, ule ni utoto wa jumba la mfalme. Sisi hatukuwa watu wa jumba. Sisi tulikuwa Wamanga.

Kwa faida ya vijana waliozaliwa huku, au Uingereza, au Dubai, na ambao neno hili hawalijui: Unguja, Mmanga alikuwa ni Mwarabu aliyewasili majuzi kwa majahazi ya kaskazi, akitengwa kwa jina hilo na Waarabu wenyeji wenye mashamba. Wamanga wengi hawakuwa na mkarafuu hata mmoja. Walikuwa na vijiduka vya shamba, vya makuti au vya udongo, wakiuza sukari, mafuta ya taa na kibiriti, na wakinunua nazi na karafuu kwa pishi. Wenyeji, Waarabu kwa Waswahili, wakiwatania kwa Kiswahili chao kibovu.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa Birkat al-Mauz, chini ya Jabal Akhdar, pale Wadi Muaydin inapotoka mlimani. Maana ya jina la mji ule ni birika la ndizi, na marehemu alikuwa akisema kwa mzaha kuwa Mungu alimtoa kwenye birika la ndizi akamtia kwenye bahari ya ndizi. Aliondoka akiwa na miaka kumi na miwili hivi. Oman ya bara miaka hiyo ilikuwa nchi ya dhiki. Mwaka 1913 makabila ya bara yalikuwa yamejichagulia Imamu na kumpinga Sultani wa Maskat, na mivutano haikutulia mpaka mapatano ya Seeb ya mwaka 1920. Njia za biashara zilikatika, na mtende haumlishi mtu asiyekuwa na maji.

Na hapa ndipo lilipo jambo la maji, ambalo lazima nilieleze vizuri, maana bila yake hadithi yangu haina kichwa. Maji ya Oman ya bara ni falaj: mkondo uliochimbwa na wazee wa kale kutoka chini ya mlima au kutoka bondeni, ukayaleta maji kwa mteremko peke yake, bila ya pampu, hadi kwenye mitende. Maji hayo hugawiwa kwa muda. Fungu moja huitwa athar, nalo ni nusu saa. Athar ishirini na nne hufanya badda moja, yaani nusu ya siku. Mchana zamu ilipimwa kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Mtu aliweza kumiliki maji bila ya kumiliki ardhi, na aliweza kuyauza. Baba wa babu yangu aliuza athar moja, na kwa fedha hiyo akamlipia mwanawe nauli na kumfungia mzigo mdogo wa tende wa kwenda kuanzia maisha. Nusu saa ya maji ndiyo iliyotuleta Unguja sote.

Kutoka bara alikwenda kwa miguu na ngamia mpaka Sur, na kutoka Sur kwa jahazi. Majahazi ya Sur yaliteremka na kaskazi, yakichukua tende, chumvi na samaki mkavu, na yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko za Rufiji. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na bumu la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, ameieleza vyema safari ya aina hiyo, pamoja na abiria walivyosongamana juu ya sitaha na tabu ya kukata boriti katika matope ya Rufiji. Safari ya babu yangu ilikuwa imemtangulia kwa miaka ishirini hivi. Kitu alichokikumbuka zaidi ni kwamba kila usiku nyota ya Jaa ilishuka kidogo, mpaka usiku mmoja akaitafuta asiione tena. Alidhani jahazi limepotea. Alilia, na mabaharia wakamcheka.

Sasa niseme ukweli ambao jamaa zangu wengine hawataupenda. Babu yangu hakutembea na watoto wake. Baba yangu aliniambia zaidi ya mara moja kwamba hakupata kwenda na baba yake mahali popote isipokuwa msikitini na dukani. Duka la Mmanga lilifunguliwa alfajiri na kufungwa baada ya isha, na mtoto alikuwa mkono wa kupimia sukari. Kila senti iliwekwa kwa nia ya kurudi na kuinunua ile athar. Hakuinunua.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Juu ya siku zile mengi yameandikwa, na kila nyumba ina yake. Mimi sitayarejea hapa. Kwa nyumba yetu, tuliobaki tulikuwa hai, na duka halikuwepo tena. Babu alikuwa anakaribia sitini. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto alikuwa hana la kufanya kutoka alfajiri hadi isha. Tulihamia kwa jamaa zetu upande wa Mwera, na mimi, niliyekuwa na miaka minane, ndiye niliyekuwa mkubwa wa kutosha kutembea na mdogo wa kutosha kutokuwa na kazi.

Alikuwa akinigongea dirisha baada ya sala ya alfajiri. Tulikwenda kwa miguu, yeye na bakora yake, mimi pekupeku, tukifuata njia za shamba zenye umande. Alinionesha mdalasini kwa gome lake na mkungumanga kwa tunda lake, na kunifundisha kuonja jani kabla ya kuuliza jina. Wakati wa mavuno ya karafuu tulisimama kando tukawatazama wachumaji juu ya matawi, kisha tukakaa na kina mama waliokuwa wakichambua karafuu na kuweka makonyo mbali. Mimi nikiokota zilizoanguka chini, nikizirudisha kwa mwenyewe, kwa sababu babu hakuniruhusu kutia hata moja mfukoni. Maji ya bamvua yakipwa tulipata mtu wa kutuchukua kwa gari la ng'ombe mpaka pwani, tukatembea juu ya mwamba uliobaki mkavu kutafuta tondo na kombe. Mzee yule aliyekua jangwani aliogopa bahari hadi kufa kwake. Alisimama maji yakiwa chini ya kifundo cha mguu, akiniamrisha nirudi.

Lakini mahali alipopapenda ni Mto Mwera. Si mto mkubwa, na mtu wa Rufiji angeucheka. Yeye aliweza kukaa ukingoni saa nzima akiyatazama maji yanavyopita bure, na mara kwa mara akisema, "Hakuna mwenyewe. Maji yote haya, na hakuna mwenyewe." Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kisima na migomba michache. Akachimba kimfereji kwa jembe, akakigawa mara mbili kwa jiwe, upande wangu na upande wa binamu yangu, kisha akachomeka kijiti ardhini. Kivuli kikifika kwenye alama ya kwanza, maji ni yangu. Kikifika ya pili, ya binamu. Akitokea kati yetu aliyefungua maji kabla ya zamu yake, alihukumiwa. Tuliichukulia kuwa michezo. Mama yangu, aliyekuwa akiteka maji hayo kisimani ndoo kwa ndoo ili mfereji upate kupita, hakuona mchezo ndani yake, na nadhani haki ilikuwa yake.

Pamoja na mfereji alinifundisha jambo jingine lisilokuwa na maana yoyote Unguja. Alisema: ukiwa bondeni, usiitazame mbingu iliyo juu yako, itazame iliyo juu ya mlima. Mlima ukivaa kilemba cheusi, usiulize mvua iko wapi, panda. Na alisema kuwa wadi haiji na mvua yako, huja na mvua ya wenzako. Mimi mlima sikupata kuuona. Kilima kirefu nilichokijua nilikipanda nikikimbia bila ya kuhema. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza hadithi za majini. Alifariki Unguja kabla ya sisi kupata njia ya kuja huku, Mwenyezi Mungu amrehemu, na sisi tukaja katikati ya miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje.

Miaka yangu ya kazi naipita upesi. Nilikuwa karani, nikajua mafaili na mihuri, na nikasomesha watoto. Birkat al-Mauz nilikwenda mara ya kwanza mwaka 1976. Falaj yake, al-Khatmeen, ni mojawapo ya zile tano za Oman zilizotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Hutoka katika ile ile Wadi Muaydin, hupita kwenye ngome ya Bayt al-Rudayda, kisha hugawika mikondo mitatu iliyo sawasawa. Nilipoliona jiwe linalogawa maji, niliketi chini. Lilikuwa ni lile jiwe la nyuma ya nyumba ya Mwera, ila hili lilikuwa kubwa. Nikauliza juu ya athar yetu. Mzee mmoja aliyenisikia matamshi yangu ya Kiarabu aliniuliza kwa upole kama nimetoka Zinjibar, akanipa kahawa na tende, na akasema maji hayana kumbukumbu. Nilirudi Maskat, na kwa miaka mingi sikwenda tena. Kazi.

Nilipostaafu goti langu la kulia lilikuwa limekwisha kuanza ugomvi wake, na wajukuu walikuwa watatu: mvulana, msichana, na mdogo wao wa kiume. Niliwaona wanavyoishi. Nyumba ina baridi ya mashine miezi minane, mapazia yamefungwa, kila mmoja na kioo chake mkononi. Kiarabu chao ni kizuri, Kiingereza chao kizuri zaidi, na Kiswahili wanakielewa kikiwa na chakula ndani yake. Nasaba yao nilikuwa nimeichapisha kwa rangi na kuitia fremu, nao wakaitazama kwa adabu mara moja. Basi nikaanza kuwachukua. Kwanza pwani ya Seeb alfajiri, kuwatazama wavuvi. Kisha Nizwa, kuona Falaj Daris. Kisha Birkat al-Mauz, ambako kila mmoja alipata kijiti chake na kivuli chake, wakagombana juu ya zamu kama tulivyogombana mimi na binamu yangu, na mkubwa akaandika hesabu ya athar zote za siku juu ya mkono wake kwa kalamu.

Wiki chache baada ya Idd el-Fitri ya 2023 niliwapeleka Wadi Muaydin yenyewe, tuingie bondeni tukatazame maji yanakotoka. Binti yangu hakupenda. Nilimwambia mbingu ni safi, na ilikuwa safi kweli. Gari tuliliacha juu, tukateremka na kikapu cha chakula, tukatembea polepole kwa ajili ya goti langu na kwa ajili ya mdogo, aliyekuwa na miaka mitano. Mahali pakawa pembamba, kuta za mawe pande zote mbili. Baada ya adhuhuri tulikuta kidimbwi, watoto wakavua viatu.

Hapo nilifanya kosa ambalo sina wa kumtwika. Nililala. Nilijinyoosha juu ya jiwe lenye kivuli na kukatwa na usingizi wa mzee aliyeshiba. Aliyeniamsha ni msichana, si kwa khofu, bali kwa kunionesha kuwa maji ya kidimbwi yamekuwa kama chai ya maziwa. Nikaona vijiti na majani makavu yanaelea, ambayo hayakuwapo. Upepo ulikuwa wa baridi, na ulinuka udongo uliorowa. Juu yetu mbingu ilikuwa buluu. Nikainua macho kaskazini, kwenye mwanya wa bonde, na mlima ulikuwa umevaa kilemba cheusi.

Sikumbuki kufikiri. Nasikia tu kuwa nilipiga kelele kwa Kiswahili, "Pandeni! Pandeni!", na wote watatu walielewa. Mkubwa alimsukuma mdogo wake mbele. Kulikuwa na njia ya mbuzi kwenye ukuta wa kushoto. Wao waliikimbia na mimi niliitambaa. Goti likakataa katikati ya njia. Yule mvulana, miaka kumi, aliwaweka wenzake juu ya rafu ya mwamba, akarudi kunishika mkono, na nilipomkataza hakunitii. Hatujakaa robo saa juu pale wadi ilipokuja. Wasiopata kuiona hudhani ni maji yanayopanda. Ni ukuta wa matope na mawe unaotembea, na sauti yake hutangulia. Kidimbwi, viatu, kikapu, jiwe nililolalia, vyote vilikwenda. Hapakudondoka juu yetu hata tone moja.

Tulikaa pale mpaka baada ya magharibi, simu haishiki mtandao. Niliwakumbatia wadogo na kuwasimulia babu yangu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuwapa: tende zake, jahazi, nyota iliyozama. Maji yalipopungua, vijana wa mji waliokuwa wakitafuta watu walitumulika kwa taa na kututeremsha. Tulipotoka kwenye uwazi wa mitende, mkubwa akaniuliza ile nyota ilizamia wapi. Nikamwonesha Jaa, imekaa mahali pake juu ya weusi wa mlima, si juu sana. Akaitazama huku anatetemeka kwa baridi.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya gari la mumewe. Aliwahesabu watoto kwa mkono. Kisha akanigeukia, na maneno yake sikuyatarajia kuwa hayo. Nilidhani atanilaumu kwa hatari, na hilo alilisema, na lilikuwa haki. Lakini alisema pia, "Baba, mimi hukunipeleka popote. Miaka yote. Leo ndiyo umepata nafasi, unataka kuniulia wanangu?" Akawachukua, na kwa karibu mwaka mzima nikawaona sebuleni tu, Ijumaa kwa Ijumaa, mlango ukiwa wazi.

Nilikuwa na muda wa kuyapima maneno yale. Ni maneno ya baba yangu juu ya baba yake, neno kwa neno. Tunapoandika historia ya kuhama tunahesabu waliofika, waliouawa, waliorudi, na mali iliyopotea. Sijaona hesabu ya watoto walioruka katikati: wale ambao baba zao walikuwa dukani au ofisini wakilipia safari, wakaja kuwaona wazee hao hao wakicheka na wajukuu mtoni. Mimi nilikuwa upande wa kupokea, na sikumuuliza baba yangu hata siku moja alijisikiaje akituona tunarudi kutoka Mwera na matope miguuni.

Aprili 2024 mvua kubwa ilipiga Oman, na huko Samad al-Shan wadi ikalichukua gari lililokuwa na watoto wa skuli, wakafa. Nchi nzima ililia. Usiku wa siku ile binti yangu alinipigia simu, na kwa muda hakusema kitu. Mwishowe akasema, "Baba, zile alama ulizozijua. Wafundishe zote. Na mimi nifundishe." Nikamwambia si nyingi, nazo nilizisikia Unguja, mahali pasipokuwa na wadi. Akasema hajali nilizisikia wapi.

Sasa tunakwenda pamoja. Masharti ni yake: mkubwa anabeba simu, khabari za hali ya hewa zinatazamwa mara mbili, bondeni hatuingii mlima ukiwa na wingu lolote, na mimi silali. Mwaka ule ule, majira ya joto, tulikwenda Sur. Kuna ganja pale, Fatah al-Khair, iliyoundwa Sur mwaka 1951 na kurudishwa kutoka Yemen mwaka 1993, imewekwa nchi kavu ili watu waione. Watoto waliizunguka wakipima kwa hatua, na msichana akashangaa kwamba chombo kama hicho kiliwachukua watu na ngozi na samaki na maji ya kunywa kwa wiki kadhaa. Mchana tulicheza mchezo wetu wa kuhesabu boriti katika dari za majumba ya zamani. Chumba hakiwi kipana kuliko boriti ilivyo ndefu, na boriti ilitoka kwetu. Huku huziita chandal. Sikio langu husikia humo mkandaa, lakini mimi si mwanaisimu.

Usiku tulikwenda Ras al-Jinz, ndani ya hifadhi ya kasa iliyoanzishwa kwa amri ya kifalme mwaka 1996. Huingii peke yako. Wanakuongoza kwa makundi, bila ya mwanga wa kamera, na unatakiwa kunyamaza. Tulimkuta kasa mkubwa shimoni, akitaga, mayai meupe kama mipira midogo, na machozi mazito yakimtiririka. Kiongozi alinong'ona kwamba jike huja kutaga katika pwani alikoanguliwa yeye mwenyewe. Nilijua kuwa jamaa zangu wowote wangeyageuza maneno yale papo hapo kuwa mfano wa sisi na Oman, na nikaamua kutosema kitu. Kasa hakuuzwa nusu saa ya maji. Na sisi wengine tuliangukia Unguja. Kama ni pwani ya kuanguliwa, hiyo yangu iko kusini.

Mdogo, sasa miaka sita, alikuwa amechuchumaa karibu kuliko ilivyoruhusiwa. "Kasa," alisema taratibu, si *sulhafa* kama wenzake, na kiongozi akamvuta nyuma kwa upole.

Tulirudi juu ya mchanga mkavu gizani. Binti yangu alikuwa amevua viatu. Aliniuliza, kwa Kiswahili, kama goti linauma. Nikamwambia linauma. Akanishika mkono, tukapanda polepole, watoto wakiwa wametangulia.